Kupiga Picha Tumbili, Kima na Nyani Lindi na Mtwara: Mwongozo wa Anayeanza

Kila mabibo yakianza kuiva maswali ni yale yale. "Nimewaona vizuri kabisa, nikitoa simu tu wameshaingia porini." "Mbona nyani wa Mikumi wanakaa barabarani hawana habari na mtu, wa kwetu wakisikia kikohozi tu wanatoka mbio?" "Simu inatosha au mpaka ninunue kamera?"

Nianze na la pili, maana ndilo linalobeba mengine yote. Nyani wa Mikumi amezaliwa akiona malori. Wa Mtama, Nachingwea au Nanyumbu amezaliwa akimjua binadamu kuwa ni manati, mbwa, na kelele za kugonga debe. Kwake wewe na mlinzi wa shamba ni mtu mmoja. Kazi yako ya kwanza, kabla ya picha yoyote, ni kumfanya aamini kwamba humtaki kitu. Hiyo haifanyiki kwa kumfuata. Inafanyika kwa kukaa.

Kuhusu simu: inatosha kwa tumbili wa mjini na kwa bustani ya wanyama. Kwa kima aliye juu ya mvule, haitoshi.

Utakaowakuta

*Tumbili* ndiye wa kuanza naye. Mwili wa kijivu, uso mweusi, mstari mweupe juu ya macho. Dume ana korodani za rangi ya buluu ambazo zitakuondolea shaka. Anapenda kingo: mwisho wa mji, miembe ya zamani, pembezoni mwa mito, kando ya mikoko.

*Kima* ni mkubwa kuliko tumbili, mweusi wa kijivujivu, koo jeupe. Hapendi jua wala uwazi. Mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona, na mara nyingine utamsikia tu.

*Nyani* wa huku ni wa manjano, miguu mirefu, mkia unaopanda juu kidogo kisha kushuka kana kwamba umevunjika. Anatembea chini kwa kundi. Ni rahisi kumwona, na ni mnyama wa kuheshimiwa kuliko wote katika orodha hii.

*Mbega* mweusi mwenye manyoya meupe marefu mabegani ni wa misitu iliyofunga. Usimtafute mashambani. Anakula majani na kukaa muda mrefu akiyasaga tumboni, kwa hiyo ukishampata, una muda.

*Komba* ni wa usiku, na nitamwandikia sehemu yake.

Kabla hujatoka nyumbani

- Simu yenye kamera nzuri, au kamera yenye lenzi ya kuvuta. Lenzi ya milimita 300 inakutosha kuanza. Kamera iliyotumika si dhambi. Kagua tu lenzi kwa tochi kuona kama ina ukungu ndani.
- Darubini. Nikiambiwa nichague kati ya darubini na lenzi ya pili, nachukua darubini. Unaona tabia ya mnyama bila kumsogelea, na ukiegesha kamera ya simu kwenye jicho la darubini unapata picha isiyo mbaya.
- Daftari na kalamu. Simu inaisha chaji, daftari haliishi.
- Nguo za khaki, kijani iliyopauka au kahawia. Epuka buluu na nyeusi kama unaelekea Liwale au pori la akiba la Lukwika-Lumesule, kwa sababu mbung'o wanavutwa na rangi hizo.
- Suruali ndefu, soksi za kuingiza suruali ndani, viatu vilivyofunika mguu. Kupe na siafu hawajui kama umekuja kwa wema.
- Maji, kofia, mfuko wa nailoni wa kufunikia kamera, kitambaa laini.
- Chakula chako kiwe ndani ya begi lenye zipu, kisichonuka. Ndizi acha nyumbani.

Msimu mzuri ni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Majani yamepungua, njia zinapitika, wanyama wanasogelea maji. Mvua zikishaanza, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, barabara ya kupanda uwanda wa Rondo ni shughuli nyingine, na kima ndani ya majani mabichi ni kivuli kinachotikisa tawi. Lakini kiangazi kina upupu. Maganda yake yakishakauka, upepo mdogo tu unakumwagia vinyweleo, na siku yako imeishia hapo. Tazama juu na pembeni kabla ya kukaa popote.

Hatua kwa hatua

1. Anza na wanyama waliozoea watu. Hatua hii wengi wanairuka, wanakimbilia msitu mkubwa. Tafuta mahali ambapo hawapigwi mawe: viwanja vya misheni vyenye miti mikubwa, hoteli za ufukweni, shule zenye miembe, makaburi ya zamani, misitu midogo ambayo wazee wameikataza kukatwa. Tumbili wa mahali kama hapo atakuvumilia. Jifunzie kwake wiki kadhaa, ndipo uwaze kima wa misitu ya Rondo au Litipo.

2. Omba ruhusa kwa kila anayehusika. Shambani ni mwenye shamba. Kijijini ni mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Mgeni mwenye lenzi ndefu anayezunguka vichakani bila kujitambulisha anaweza kuambiwa ni mpelelezi au ni mchimba madini. Misitu ya hifadhi kama Rondo na Litipo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mapori ya akiba kama Lukwika-Lumesule na Msanjesi ni ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019 na kuingia hadi wilaya ya Liwale, ni ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa.

Kwa mzee wa shamba usianze na maelezo ya kamera. Anza na "Shikamoo mzee," ulizia korosho zinaendaje, ndipo useme: "Naomba kukaa pembeni ya shamba asubuhi, nawapiga picha kima." Atacheka. "Unawapiga picha wezi?" Mwache acheke, kisha muulize wezi hao huingilia upande gani na saa ngapi. Hakuna kitabu kitakachokupa jibu sahihi kuliko lake.

*Onyo:* ukiwa karibu na Mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, au karibu na mitambo ya gesi kama ya Madimba, kamera ibaki ndani ya begi hadi uulize. Usitegemee kujieleza baadaye.

3. Fuata chakula, usifuate mnyama. Ukijua nini kimeiva, umejua watakuwa wapi. Kuanzia Septemba mabibo yanawavuta kima na nyani kwenye mikorosho. Maembe yanakuja kuelekea mwisho wa mwaka. Katikati ya kiangazi ni ukwaju na ubuyu. Mkuyu ukizaa, uache mengine yote ukae hapo, kwani hauna ratiba na wanyama wanaujua kabla yako. Angalia chini ya mti: makombo mabichi yenye alama za meno, kinyesi kibichi, majani yaliyokatwa leo. Makombo yaliyokauka ni habari za juzi.

*Onyo:* usiingie kwenye mikorosho wakati wa kupuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho, ambao kwa kawaida huanza Mei au Juni. Pampu zinaunguruma, kwa hiyo wanyama hawapo. Unga wa salfa unaunguza macho na kuingia kwenye viungo vya lenzi.

4. Fika kabla yao. Saa nzuri ni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kisha saa kumi alasiri hadi jua linapozama. Uwe umeshakaa kabla hawajaja. Wakikukuta umekaa, wewe ni sehemu ya mahali. Ukiwakuta wao, wewe ni mvamizi. Kaa chini, mgongo kwenye shina, jua likiwa nyuma yako au ubavuni. Kukaa chini kunakupunguza ukubwa, na mikono inapata magoti ya kuegemea.

Saa za mchana usizidharau kabisa. Jua linaharibu picha uwanjani, lakini kivulini ndipo wanapotoana chawa, watoto wanacheza, na madume wanasinzia midomo wazi.

5. Wakifika, usifanye kitu. Ndiyo, kamera iache magotini. Watakuona, mmoja atatoa sauti ya tahadhari, watapanda, watakuchungulia. Wewe tazama pembeni. Kuna kujifanya unachuma majani au kujikuna, na kwa kweli kunasaidia, maana mtu anayewinda hajikuni. Wakianza tena kula, hiyo ndiyo ruhusa. Nyanyua kamera taratibu, piga mbili tatu, ishushe tena. Lenzi kubwa kwa mnyama ni jicho kubwa linalomkazia macho, na kumkazia nyani macho ni kumtukana.

Na usimchekee! Meno yako yakionekana, kwake ni vita. Akikupigia miayo akionyesha chonge huku akikuangalia, hana usingizi. Anakuambia umesogea mno.

6. Sikiliza kabla ya kutazama. Tumbili wana sauti tofauti kwa hatari tofauti. Watafiti waliofanya kazi Amboseli, Kenya, walionyesha hilo mwaka 1980: sauti ya chui iliwafanya wakimbilie mitini, ya tai iliwafanya watazame juu au wajifiche vichakani, ya nyoka iliwafanya wasimame wima na kukagua nyasi. Wewe nufaika nayo. Tumbili wote wakisimama kwa miguu miwili kutazama nyasi zilizo karibu na ulipokaa, achana na picha, inuka.

7. Tayarisha kamera mapema. Mipangilio ya kuanzia:

- Kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga: 1/500 kwa anayetembea, 1/250 kwa aliyetulia, 1/1000 kwa anayeruka.
- Tundu la lenzi, yaani mlango wa kuingiza mwanga, wazi kadiri linavyoweza.
- ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga: 400 penye mwanga, 800 hadi 1600 msituni. Picha yenye chengachenga unaweza kuisafisha, iliyotikisika imekufa.
- Lenga jicho. Jicho likiwa safi na mkia umefifia, picha ni nzuri. Kinyume chake ni ya kufuta.
- Zima flashi, zima milio yote. Simu iwe kimya kabisa, si mtetemo.

Kwenye simu, gusa uso wa mnyama kwenye kioo, kisha sogeza alama ya jua juu au chini kurekebisha mwanga. Usivute picha kwa vidole kupita kiwango cha lenzi yenyewe. Piga kwa upana, ukate ukiwa nyumbani. Shikilia kitufe ili zitoke picha nyingi mfululizo, halafu chagua.

8. Piga usawa wa mnyama. Nyani haoni kundule, lakini picha za anayeanza hazina kingine ndani yake: makalio matano yanaingia kichakani. Hiyo ndiyo picha ya mtu aliyekimbiza. Ukikaa mbele ya njia yao badala ya nyuma yao, utapata nyuso. Aliye chini mpige ukiwa umekaa au umelala kifudifudi. Aliye juu ya mti mkubwa rudi nyuma, au panda kichuguu, usije ukapata matumbo peke yake.

9. Andika. Tarehe, saa, mahali, aina, wangapi, wanafanya nini, wanakula nini. Kundi usilihesabu likiwa mtini, utadanganyika. Subiri livuke barabara au uwazi, uhesabu mmoja mmoja, ukitenga mama waliobeba watoto wanaoning'inia tumboni. Ukitaka kwenda mbali kidogo, kila baada ya dakika kumi andika kila unayemwona anafanya nini wakati huo huo: anakula, anatembea, amepumzika, anacheza. Baada ya miezi utajua mambo ya kundi hilo ambayo hata mwenye shamba hajui, ikiwa ni pamoja na upande wanaoingilia siku mlinzi akiwepo.

10. Ondoka kwanza wewe. Rudi nyuma taratibu wakiwa bado wanakula. Kesho watakukumbuka kwa jinsi ulivyoondoka.

Kwenye bustani ya wanyama

Wengi wetu wa kusini bustani ya wanyama tunaiona tukienda Dar es Salaam, kwa mfano ile ya Kigamboni. Usiidharau. Ni mahali pazuri pa kujifunza kulenga jicho bila kuhangaika na majani.

Tatizo ni waya. Sogeza lenzi karibu kabisa na waya, fungua tundu la lenzi lote, vuta mnyama karibu, na subiri awe mbali na waya wa upande wake. Waya utayeyuka, usionekane. Ukiwa mbali na waya na mnyama ameegemea waya, hakuna ujanja. Waya uliopigwa na jua nao hung'aa, kwa hiyo uzibie kivuli kwa kofia. Kwa simu, ingiza lenzi katikati ya tundu la waya, lakini vidole vibaki nje, na uzio wa kuzuia watu usiuvuke hata ukiambiwa huyo ni mpole. Penye kioo, kifute, bandika lenzi juu yake, zungushia kitambaa cheusi kuzuia mng'ao.

Fika asubuhi wakati wa kulishwa. Epuka Jumapili mchana: watoto wanagonga waya na wanyama wanageuka ukutani. Ukiwapiga, andika ukiweka picha hadharani kwamba ni wa bustanini. Kumtangaza wa bustanini kuwa wa porini ni uongo, na wanaojua wanaona papo hapo.

Kuna jambo lingine lisilo la bustani: tumbili aliyefungwa kamba nje ya duka au baa. Usimlipe mwenye naye ili upige picha. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga mnyamapori bila kibali, na kila noti unayotoa inamnunulia mwenye kamba sababu ya kumtafuta mtoto mwingine, ambaye kwa kawaida hapatikani bila mama yake kuuawa.

Komba usiku

Komba mkubwa wagema wanamfahamu vizuri, maana anapanda mnazi kunywa tembo kabla ya mwenye kibuyu. Muulize mgema. Wapo pia wadogo, na mmoja ni wetu hasa: komba wa Rondo, aliyepewa jina la uwanda wa Rondo mkoani Lindi, akaelezwa kisayansi katika miaka ya 1990. Ana uzito wa gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya kusafishia chupa, na anaishi kwenye mabaki machache ya misitu ya pwani ya Tanzania tu.

Tumia tochi ya kichwani, funika taa kwa nailoni nyekundu. Tembea polepole, tochi iwe usawa wa macho yako, utaona macho yao yakirudisha mwanga. Usimwachie mwanga mweupe usoni zaidi ya sekunde chache. Picha itakuwa ngumu, lakini rekodi sauti kwa simu, maana aina za komba hutambuliwa zaidi kwa milio kuliko kwa sura. Picha ukiiweka iNaturalist, tovuti ya kuweka kumbukumbu za viumbe, au mtandaoni kwingine, ficha mahali kamili.

Usiende peke yako. Mkoa wa Lindi una historia ya simba wala watu, na tembo wanatembea usiku katika vijiji vingi vinavyopakana na mapori. Mwenyeji akisema "leo hapana," ni hapana.

Mambo yakiharibika

*Kima ametoka mweusi tii, mbingu nyeupe nyuma yake.* Kamera imepima mbingu. Ongeza mwanga hatua moja au moja na nusu, au hama hadi nyuma yake kuwe na majani. Mbega akijaa kwenye picha hali hugeuka: kamera inamfanya wa kijivu na manyoya meupe yanaungua kwa mwanga. Hapo punguza.

*Kamera inalenga majani badala ya uso.* Acha kulenga kwa eneo lote, chagua nukta moja ya katikati.

*Picha zote zimetikisika.* Pandisha kasi ya shata, egemea kitu, pumua nje ndipo ubonyeze. Kama ulikuwa unahema kwa sababu umekimbia, rudi hatua ya nne.

*Nakaa asubuhi tatu, hawaji.* Chakula kimeisha mti huo, au kuna mbwa. Kaulize tena.

*Nyani amenisogelea anataka begi.* Kama lina chakula, liachie. Usikimbie, usigeuze mgongo, rudi nyuma ukitazama chini. Mita kumi ndio umbali wako wa kawaida kwake, na usimlishe kamwe: aliyezoea mkono wa mtu ndiye anayekuja kuuawa kijijini. Ukiwa na mafua baki nyumbani, maana tunawaambukiza.

*Ameniuma au kunikwaruza.* Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hata kidonda kidogo. Usisubiri kuona kama kitavimba.

*Lenzi ina ukungu kila asubuhi.* Ni unyevu wa pwani. Usiitoe kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi moja kwa moja hadi nje. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa ipate joto. Nyumbani ihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikishaloa, vianike juani au weka vipya.